Leseni Isiyohamishika: Historia ya Udalali wa Nyumba na Ardhi katika Majimbo ya Marekani na Istilahi Zake

Mfasiri mmoja alituletea rasimu ya kijitabu cha kurasa chache, kilichokusudiwa watu wasemao Kiswahili waliohamia Marekani na kushika huko kazi ya kuuza na kupangisha nyumba. Alituomba tuzikague istilahi zake kabla kijitabu hakijapigwa chapa. Sura ya tatu ilikuwa na kichwa hiki: "Jinsi ya Kuhamisha Leseni ya Udalali wa Nyumba Kutoka Jimbo Moja Hadi Jingine". Kwa upande wa sarufi kichwa hicho hakina ila. Kila neno limo kamusini, upatanisho wa ngeli umetimia, na msomaji yeyote aliyefika darasa la saba angekifahamu mara moja. Hata hivyo tulimrudishia rasimu yake, tukamwambia kwamba kichwa hicho kikiachwa kama kilivyo kinaweza kumtia mtu hatiani. Alishangaa, na mshangao wake ndio uliotusukuma kuandika makala haya.

Tuanze na neno uhamisho, ambalo watumishi wa serikali wanalijua kuliko watu wote. Karani akihamishwa kutoka Mwanza kwenda Mtwara hupewa barua ya uhamisho, hufungasha mizigo yake, na akifika huko cheo chake ni kile kile, na miaka yake ya kazi huhesabiwa tangu siku ya kwanza alipoajiriwa. Mwanafunzi naye akihama shule huondoka darasa la tano hapa akaingia darasa la tano pale. Kwetu, basi, kuhamisha ni kukitoa kitu mahali pamoja na kukiweka mahali pengine, nacho kikabaki kuwa kitu kile kile. Dalali wa nyumba mwenye leseni ya Minnesota anayehamia Texas hana kitu cha namna hiyo. Leseni yake inabaki Minnesota. Mbele ya sheria ya Texas yeye ni sawa na mtu ambaye hajapata kuuza hata kibanda cha kuku. Akimtafutia mtu nyumba huko Houston kwa kutegemea karatasi ya Minnesota, amefanya kazi bila leseni. Ujira wake hawezi kuudai mahakamani, na huenda akashtakiwa. Yote hayo kwa sababu ya kitenzi kimoja kilichotafsiriwa kwa usahihi wa kamusi.

Kiingereza chenyewe, hapana budi tukiri, ndicho kilichomponza mfasiri wetu. Wamarekani katika mazungumzo yao ya kila siku husema kuhamisha leseni, nao wenyewe wanajua kwamba ni namna tu ya kusema. Msomaji wa Kiswahili hana ujuzi huo wa nyuma ya neno, wala hana historia iliyouzaa. Ndiyo maana historia hiyo tunaona inafaa kusimuliwa hapa, japo kwa ufupi.

Neno jimbo nalo linataka tahadhari. Katika Tanganyika ya wakati wa Mwingereza jimbo lilikuwa eneo kubwa la utawala, na mkuu wake alipokea amri kutoka Dar es Salaam. Katika Tanzania ya leo jimbo ni eneo linalomchagua mbunge. Nchini Kenya neno majimbo linakumbusha katiba ya 1963, ambayo haikudumu. Jimbo la Marekani si mojawapo ya haya. Majimbo 13 ya mwanzo yalikuwa na serikali zake kabla ya muungano wao, na katika nyongeza ya 10 ya katiba yao, iliyothibitishwa mwaka 1791, ilitamkwa kwamba mamlaka yasiyokabidhiwa serikali ya muungano, wala kukatazwa kwa majimbo, yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Kuamua nani anafaa kutibu, kutetea kesi, kunyoa au kuuza nyumba hakukukabidhiwa kwa muungano. Kwa hiyo kulibaki kwa kila jimbo, na kumebaki huko mpaka leo.

Kesi iliyoweka wazi jambo hili haikuhusu nyumba, bali ilihusu dawa. Frank Dent alikuwa akitibu watu katika jimbo la West Virginia, na jimbo hilo lilipotunga sheria ya kuwataka matabibu wawe na cheti, alitoa shahada yake ya chuo kimoja cha Cincinnati, mji ulio katika jimbo jirani la Ohio. Bodi ya afya ya West Virginia iliikataa. Dent aliendelea kutibu, akashtakiwa, akakata rufani mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1889 mahakama hiyo ilitoa uamuzi kwamba jimbo lina haki ya kuweka masharti ya kazi inayohitaji ujuzi na uaminifu, ili kuwakinga wananchi wake na wajinga na walaghai. Msomaji atazame vema: shahada haikuwa bandia, na mwenye nayo hakudaiwa kuwa amemuua mtu. Ilitosha tu kwamba waliokuwa na haki ya kupima hawakuridhika nayo, na waliokuwa na haki hiyo ni wale wa jimbo la West Virginia. Tangu hapo msingi ukawa umewekwa, na kila kazi iliyokuja kudai leseni ilijengwa juu yake.

Udalali wa ardhi ulichelewa kuingia katika utaratibu huo. Katika karne ya 19 ardhi ya Marekani iliuzwa na kununuliwa kwa kasi ambayo ni vigumu kuifikiria, na yeyote aliyekuwa na ulimi aliweza kujiita dalali. Walikuwapo wenye ofisi na sifa njema mjini. Walikuwapo pia wasio na ofisi, ambao walifanyia biashara yao pembeni mwa barabara, wakawa wakiitwa kwa jina la ukingo wa njia waliposimama. Kwa bahati Kiswahili kinalo neno la watu hao bila ya kulitafuta: ni madalali wa kijiweni. Mtu wa namna hiyo angeweza kupokea rubuni ya kiwanja kimoja kutoka kwa wanunuzi watatu, kisha akaonekana mji mwingine.

Wenye ofisi ndio walioanza kudai sheria. Mwezi Mei 1908 vyama vyao vya miji mbalimbali vilikutana Chicago vikaunda chama cha taifa, na mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kuitenga kazi yao na ya wale wa kijiweni. Nia yao haikuwa safi kabisa. Leseni humlinda mteja, lakini pia humpunguzia mwenye leseni idadi ya washindani, na wanahistoria wa Marekani wenyewe wameliandika jambo hili mara nyingi. Mwaka 1917 California ikatunga sheria ya kwanza ya leseni ya udalali wa nyumba na ardhi. Mahakama ikaibatilisha kwa kuwa ilipingana na katiba. Mwaka 1919 California ikatunga nyingine, na hii ikasimama. Majimbo mengine yakafuata, na mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubali uhalali wa sheria ya Tennessee. Leo majimbo yote 50 yana sheria hizo, kila moja na yake.

Wakati huo huo wakuu wa chama walikuwa na shughuli nyingine, ambayo kwa jarida la istilahi kama hili haifai kupitwa upesi. Walitaka neno. Dalali mmoja wa Minneapolis, Charles N. Chadbourn, aliona kwamba magazeti humwita kila tapeli kwa jina lile lile analoitwa mtu mwaminifu. Akaunda neno jipya, Realtor, akalitoa kwa chama, na mwaka 1916 chama kikalikubali liwe la wanachama wake peke yao. Baadaye, kati ya 1949 na 1950, lilisajiliwa kuwa alama ya biashara. Mwandishi Sinclair Lewis alilifanyia mzaha katika riwaya yake Babbitt ya mwaka 1922, ambamo shujaa wake, muuza nyumba, analing'ang'ania neno hilo kama askari anavyong'ang'ania nishani. Mzaha au si mzaha, neno liliota mizizi, na watu wengi sasa hudhani kuwa ni jina la kila mwenye leseni. Sivyo. Leseni hutolewa na jimbo. Uanachama hutolewa na chama. Mtu aweza kuwa na leseni asiwe mwanachama, na mfasiri anayeandika "dalali" pale asili ilipoandika Realtor amepoteza tofauti ambayo wenyewe wamewahi kuipigania mahakamani.

Na neno hilo lilikuwa na upande wa giza. Mwaka 1924 chama kiliweka katika kanuni zake za maadili kifungu cha 34, kilichomkataza mwanachama kuwaingiza katika mtaa watu wa rangi au taifa ambao kuwapo kwao kungedhaniwa kushusha thamani ya nyumba. Maneno ya rangi na taifa yaliondolewa mwaka 1950. Madalali Weusi, ambao kwa miaka mingi hawakupokelewa katika vyama vingi vya miji, waliunda chama chao huko Tampa, Florida, mwaka 1947, na kwa kuwa neno la wenzao halikuwa lao, waliunda la kwao: Realtist. Leseni walikuwa nazo kama wengine; jimbo liliwapima likawapa. Walichonyimwa ni neno, na pamoja na neno orodha za nyumba na heshima ya kazi. Tunayataja haya kwa sababu wapo wanaosema kwamba istilahi ni kazi ya kupachika majina kwenye vitu, basi.

Turudi kwenye mipaka. Kwa nini jimbo lisikubali tu leseni ya jirani yake? Ndoa iliyofungwa Ohio haifungwi upya Kentucky, na dereva wa Ohio huvuka mpaka na leseni yake mfukoni. Jibu mojawapo lilionekana wazi Florida katika miaka ya 1920. Ardhi ya huko ilipanda bei kwa wazimu. Viwanja, vingine vikiwa ndani ya maji ya kinamasi, viliuzwa kwa posta kwa watu wa kaskazini wasiopata kuviona. Mjini Miami mwaka 1925 vijana walikaa barabarani wakiuziana stakabadhi za rubuni, na stakabadhi moja iliweza kubadili mikono mara kadhaa kwa siku moja. Soko likaanza kuporomoka, na kimbunga cha Septemba 1926 kikalimaliza. Mnunuzi aliyetapeliwa na dalali wa jimbo lake aliweza kumpeleka mbele ya bodi ya jimbo, na bodi ikaifuta leseni. Aliyetapeliwa na dalali wa jimbo la mbali, amshtaki wapi? Karani wa mahakama ya Florida angempelekeaje samansi mtu aliyekwisha rudi New York?

Kutokana na shida hiyo ulizaliwa utaratibu ambao mwombaji wa leseni asiye mkazi wa jimbo hutia saini hati ya kukubali, bila ya haki ya kujitoa baadaye, kwamba samansi ikikabidhiwa kwa afisa fulani wa jimbo itahesabiwa kuwa amekabidhiwa yeye mwenyewe. Mfasiri wetu aliiita "ridhaa ya huduma". Tulicheka kidogo, kisha tukajuta, maana neno la Kiingereza lililotumika hapo kweli huweza kumaanisha huduma. Tulimpa "hati ya kukubali kupelekewa samansi". Ni ndefu, lakini hakuna karani wa mahakama atakayeuliza maana yake.

Sababu ya pili ya mipaka ni kwamba sheria ya ardhi yenyewe hutofautiana. Namna mume na mke wanavyomiliki mali pamoja, haki ya mwenye nyumba inayodaiwa, namna ya kuandika hati na kuisajili, yote huamuliwa na jimbo. Mtu aliyejifunza sheria za California amejifunza sheria za California. Kwa hiyo mtihani wa leseni katika majimbo mengi umegawanywa mara mbili: sehemu ya mambo yanayolingana nchi nzima na sehemu ya sheria za jimbo. Anayekuja kutoka nje aghalabu husamehewa sehemu ya kwanza, na ya pili hasamehewi. Mafunzo nayo hayalingani. Florida humtaka anayeanza asome saa 63, California saa 135, Texas saa 180. Je, aliyesoma saa 63 aweze kuingia mahali pa saa 180 kwa kuvuka mto tu? Majimbo mengi hujibu kwamba hawezi, ijapokuwa si ya masomo tu yanayowashughulisha. Wenye leseni wa jimbo nao wana sauti bungeni.

Hapa ndipo istilahi huanza kumsumbua mfasiri kweli kweli, kwa kuwa hata majina ya madaraja ya kazi hubadilika mpakani. Utaratibu wa kawaida una ngazi mbili. Wa juu ana haki ya kufungua ofisi, kupokea fedha za wateja na kutia saini mikataba. Wa chini hufanya kazi chini ya leseni ya wa juu, na bila ya msimamizi hawezi kufanya lolote. Wa juu huitwa "broker" katika majimbo mengi. Lakini Washington ilibadili majina mwaka 2010, na Illinois ilikamilisha mageuzi yake mwaka 2012. Na katika majimbo hayo mawili neno hilo hilo sasa ni jina la mtu wa ngazi ya chini, na wa juu ameongezewa sifa ya usimamizi. Mfasiri akikutana na barua ya mtu wa Chicago anayejiita kwa neno hilo, akaandika "dalali mkuu", amempandisha cheo ambacho jimbo halikumpa. Na akipeleka tafsiri hiyo Texas, ofisi ya huko itamwuliza kwa nini anadanganya. Pendekezo letu ni kufuata kazi na kuliacha jina: anayesimamia na kubeba dhamana aitwe dalali msimamizi, na anayefanya kazi chini yake aitwe dalali msaidizi, vyovyote jimbo lake litakavyomwita.

Ni katika uhusiano wa hawa wawili ndipo uhamisho wa kweli unapopatikana. Dalali msaidizi akitaka kuiacha ofisi ya msimamizi mmoja aende kwa mwingine ndani ya jimbo lile lile, hujaza fomu, na leseni yake, ambayo zamani ilikuwa karatasi iliyotundikwa ukutani kwa msimamizi, huandikishwa chini ya jina jipya. Leseni ni ile ile, namba ni ile ile, tarehe ya kwisha haibadiliki. Huo ni uhamisho kama ule wa karani wa Mwanza. Tulimwonyesha mfasiri wetu kwamba rasimu yake ilitumia neno moja kwa mambo haya mawili, moja katika sura ya tatu na jingine katika sura ya nne, na kwamba msomaji makini angeyachanganya kwa haki yake.

Basi kinachotokea mtu anapovuka mpaka kiitweje? Hapa hakuna jambo moja, na ndiyo sababu hapawezi kuwa na neno moja. Yapo majimbo, kama California, ambayo hayana maafikiano na jimbo lolote: mgeni hufanya mtihani wa huko, ingawa masomo aliyoyapata kwingine huweza kuhesabiwa. Yapo yaliyopatana na majimbo maalumu. Florida ina mapatano na baadhi ya majimbo, yakiwamo Georgia na Illinois. Mwenye leseni ya huko hufanya mtihani mfupi wa maswali 40 juu ya sheria za Florida, naye hana budi kupata 30. Lakini sharti lake lina mtego: mapatano hayo ni ya mtu asiyekuwa mkazi wa Florida wakati anapoomba. Aliyefungasha virago akahamia kwanza, akadhani ataomba akishatulia, amejifungia mlango mwenyewe. Arizona ilifanya kinyume. Mwaka 2019 ilitunga sheria, ya kwanza ya upana huo, inayowatambulia leseni za kazi nyingi watu wanaokuja kuwa wakazi wake, mradi leseni hiyo imekuwapo kwa mwaka mmoja au zaidi, haina doa, na ni ya ngazi ile ile; jimbo huweza bado kumtahini mwombaji katika sheria zake. Majimbo kadhaa yameiga. Florida humtaka asiyehamia bado, Arizona humtaka aliyehamia: na kijitabu chetu kilitaka kuyasema yote mawili kwa kitenzi kimoja.

Serikali ya muungano yenyewe imegusa jambo hili mara chache. Sheria iliyotiwa saini Januari 2023 inawaruhusu wanajeshi na wake au waume zao, wanapohamishwa kwa amri ya jeshi, kutumia leseni zao za kazi katika jimbo jipya kwa masharti fulani. Hao ndio wanaokaribia sana kile msomaji wetu anachofikiri anaposikia uhamisho, na si ajabu kwamba wao pia wana barua.

Kwa mapatano kama ya Florida, wafasiri wengi huandika "utambuzi wa pamoja". Hatulipendi sana. Jambo linalofanywa pamoja hufanywa na watu walioketi mahali pamoja kwa wakati mmoja. Hapa kila upande hufanya peke yake, kwa faida ya watu wa upande wa pili. Kiswahili kina kitenzi kinachosema hivyo hasa. Kutambuana ni kujuana sura, kama ndugu waliopotezana. Kutambuliana, kwa kiambishi cha kutendea kikifuatiwa na cha kutendana, ni kila mmoja kumtambulia mwenziwe kitu chake. Majimbo mawili hutambuliana leseni. Kwa hiyo tunapendekeza "maafikiano ya kutambuliana leseni", na kwa njia ya Arizona, ambayo haingoji jimbo jingine lirudishe wema, "utambuzi wa leseni ya nje".

Kuna pia swali la dalali asiyetaka kuhama, bali kumfuata mteja wake ng'ambo ya mpaka kwa shughuli moja. Wamarekani huyagawa majimbo yao mafungu matatu. Katika fungu la kwanza mgeni anaruhusiwa kuingia na kufanya kazi akiwa na mapatano ya maandishi na dalali wa hapo. Haya tumeyaita majimbo ya ushirikiano. Katika la pili anaweza kushughulika kwa simu na barua akiwa kwao, lakini mguu wake usivuke. Haya ni majimbo ya kutovuka. La tatu halimruhusu kufanya lolote ila kumpeleka mteja kwa dalali wa hapo na kupata mgawo wa ujira. Jina la Kiingereza la fungu hili ni bonge la udongo lenye majani yake, na rasimu iliandika "majimbo ya majani". Maana iliyokusudiwa ni eneo ambalo mtu analilinda asiingie mwingine. Hata hivyo bonge hilo lina hadithi yake, kwani katika Uingereza ya kale muuzaji wa shamba alimkabidhi mnunuzi bonge la udongo kuwa ishara kwamba ardhi imekuwa yake. Tumechagua "majimbo ya himaya". Wasomaji wenye neno bora watuletee.

Limebaki neno dalali lenyewe, ambalo mfasiri wetu aliliogopa, na si yeye peke yake. Wapo wanaotaka liondolewe na badala yake liwekwe wakala, kwa kuwa dalali, wanasema, linanuka ujanja. Asili yake haina aibu. Limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa kuongoza na kuonyesha, ule ule uliotupa dalili. Dalali ni mtu anayeonyesha. Kilichotokea ni historia yetu wenyewe. Tanzania Bara iligeuza umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja kuwa upangaji wa serikali mwaka 1963, na mwaka 1971 ikayataifisha majengo mengi ya kupangisha na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Kwa muda mrefu basi dalali hakuwa na soko la wazi la nyumba. Jina lake likabaki kwa mtu wa mnada, kwa dalali wa mahakama anayekuja kuchukua vyombo vya mdaiwa, na kwa yule wa uswahilini anayedai kodi ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha chumba. Kenya, ambako soko la ardhi liliendelea, ilitunga sheria ya kuwasajili madalali wa nyumba na ardhi mwaka 1984. Wakala, kwa upande mwingine, ni ndugu wa wakili, na maana yake ni mtu aliyepewa mamlaka ya kumsimamia mwingine. Si kila dalali ni wakala: yupo anayewakutanisha watu wawili tu bila ya kumwakilisha yeyote, na sheria za majimbo kadhaa ya Marekani zimempa mtu huyo jina lake na masharti yake. Tukiwaita wote mawakala tutalazimika kesho kumtafutia huyu neno, nalo litakuwa dalali.

Haya si mambo ya Marekani tu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuliane sifa za masomo na za kazi. Wahasibu na wasanifu majengo walitia saini maafikiano yao mwaka 2011, na wahandisi mwaka 2012. Mhandisi wa Kampala anayetaka kufanya kazi Arusha atasoma fomu, na pengine siku moja ataisoma kwa Kiswahili. Fomu hiyo ikimwambia kwamba usajili wake "utahamishwa", huenda akaacha kulipa ada ya bodi ya kwao, akijua kwamba sasa yuko kwingine. Na usajili wa kwao ukikatika, unaotambuliwa Arusha hautakuwa na kitu cha kutambua.

Mfasiri alikubali, ila alilalamika kwamba kichwa tulichompa kilikuwa kirefu mno kwa ukurasa mdogo. Tulikifupisha pamoja. Sura ya tatu sasa inaitwa "Kuomba Leseni katika Jimbo Jipya". Katika sura ya nne, inayoeleza namna dalali msaidizi anavyotoka kwa msimamizi mmoja kwenda kwa mwingine, neno uhamisho tulimwachia kama alivyoliandika.